Mtani Aliyenizika Kwenye Simu

Binti yangu alinipigia simu akiwa Chalinze, kanga kiunoni, njiani kuja kunizika.

Mimi nilikuwa barazani kwangu Kihonda nachambua mchicha. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshuka kutoka kwa dada yangu mlimani, ambako mtandao hupatikana kwa kupanda juu ya jiwe, na mimi si mtu wa kupanda mawe ili nisikike. Simu ilikuwa imezima kwa kukosa chaji. Nikaichomeka kwenye umeme dirishani, na kabla sijamaliza fungu la kwanza ikaita. Nikapokea. Pumzi, halafu kilio.

"Mama?"

"Eeh, mwanangu."

"Mama, ni wewe?"

"Ulitaka awe nani? Simu ni yangu."

"Uko hai?"

"Maiti angepokea simu? Nani kakuambia nimekufa?"

Nilimsikia mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha gari, akisema kwa sauti ya chini, "Muulize kitu ambacho tapeli hawezi kukijua."

Binti akavuta kamasi. "Mama, ni kwa nini nilifukuzwa shule kule Gaborone?"

"Hukufukuzwa, nilikuhamisha. Aliyestahili kufukuzwa ni mwalimu wako."

Gari zima likacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nikarudi kwenye mchicha wangu, maana waombolezaji nao hula.

Kabla sijaendelea niseme mimi ni nani, kwa sababu nikiwaachia wengine wanieleze, wananipunguza. Nimezaliwa huko juu Uluguru, kwenye kijiji cha misheni, nikashusha makapu ya kabichi kichwani mpaka mjini nikiwa sijaota hata matiti. Nimesoma uuguzi kwa jasho langu. Nilianzia zahanati ya kiwanda hapa Morogoro, nikaishi kota za wafanyakazi, nikapata stashahada nikiwa na mimba ya huyo aliyekuwa akiendesha gari. Kisha nikaona tangazo la kazi gazetini, nikaandika barua mwenyewe, nikaenda Botswana mwenyewe, nikauguza watu huko mpaka nikastaafu. Baba watoto alibaki njiani, na sikurudi kumwokota. Nyumba ya Kihonda nimeijenga mimi, tofali la kwanza hadi bati la mwisho. Stashahada yangu nimeitundika sebuleni ukutani, mkabala na mlango, mgeni aione kabla hajaona kochi. Watu husema nimerudi na majigambo. Kweli nimerudi nayo, na hati ya kiwanja ninayo pia.

Na grupu la wasapu la wazee wa Kota nililianzisha mimi. Niliporudi niliwakuta wenzangu wa zamani wa kiwandani wametawanyika, mmoja Dodoma, mwingine Tabora, wengine Mlali na Kilosa, kila mmoja kakaa na simu kubwa aliyopewa na mwanawe, anaitumia kuangalia saa. Nikawakusanya mmoja mmoja. Walio wengi macho yameisha na vidole vimekakamaa, kuandika hawawezi, basi nikawafundisha kurekodi sauti. Nikatunga na sheria. Kila asubuhi unabonyeza, unasema umeamkaje na umekunywa nini, iwe chai ya rangi, iwe uji, iwe maji matupu. Asiyeitika siku mbili anatafutwa. Hakuna anayetuma mahubiri marefu kuliko mahubiri ya kanisani, wala dawa za kuondoa kisukari kwa maganda ya ndizi. Anayetuma namtoa. Nimeshamtoa shemeji yangu.

Asubuhi ya grupu ilikuwa ikifunguliwa na mtu mmoja, mzee wa Kinyamwezi aliyekuwa fundi mitambo kiwandani. Anaishi Mlali, peke yake. Mkewe alifariki, kisukari kikamchukua mguu mmoja juu ya goti, na watoto wake wako Mwanza. Huyu ni mtani wangu. Wanyamwezi na sisi Waluguru tumetaniana tangu enzi za mababu zao walipokuwa wakipita hapa chini ya milima yetu na mizigo kichwani kwenda pwani, na mzee huyu anafanya kana kwamba mizigo ile ameitua jana. Alikuwa akifungua siku hivi: "Waluguru mmeamka, au bado mnaning'inia?" Maana yake ni kwamba mashamba yetu yamesimama sana hata tunalima tumejifunga kamba. Nami namjibu kwamba akanywe maji, matobolwa, vile viazi vyao vya kukausha, yamemkwama kooni. Wengine wote wanaamka kwa kucheka. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yetu ya asubuhi, na aliyeandika cheti chake ni mimi.

Sasa, nilipopanda kwa dada yangu sikuaga grupu. Mtunga sheria haagi. Asubuhi ya kwanza sikuitika, ya pili sikuitika. Mtani wangu akafanya ambacho mtani hufanya. Alichukua picha yangu nzuri, ile ya sare nyeupe na kofia, akaizungushia weusi, akaiwekea mshumaa pembeni. Kuweka mshumaa kwenye picha nilimfundisha mimi mwenyewe, alipofiwa na mkewe. Akaituma kwenye grupu bila neno lolote. Chini yake akaweka sauti, nami nimeisikiliza mara nyingi hata naweza kuisema kwa ghibu:

"Wazee wa Kota, poleni kwa msiba. Mluguru wetu kaanguka shambani, kamba imekatika. Maziko bado, tunasubiri lori lilete majigambo yake kutoka Botswana, maana jeneza moja halitoshi. Mimi Mnyamwezi ndiye mwenye matanga. Ndizi sitaki, nataka wali. Na atakayelia kabla sijapewa jogoo wangu, namtoa nje." Halafu kinakuja kikohozi, na sauti inashuka. "Haya, itika basi, we mama. Siku ya pili hii."

Kosa lilitokea Dodoma. Kuna mwenzetu mmoja huko, mama mwenye mtoto wa jicho na kifurushi cha intaneti kinachoisha kabla ya adhuhuri. Picha aliiona. Sauti haikufunguka. Akalia kwa dhati, akaituma picha kwenye grupu la jumuiya yake ya kanisa akiongeza "Raha ya milele umpe ee Bwana". Kutoka hapo ikafika kwa mpwa wangu Dar es Salaam, kwa wanangu, na kwa watu ambao hata siwapendi. Picha ilisafiri, utani ukabaki nyumbani. Jirani yangu alikuja mpaka getini anapiga ukunga, akanikuta na sinia la mchicha, akaudhika kabisa, akasema amefunga duka kwa ajili yangu.

Wanangu walifika alasiri. Walinikumbatia, wakala, wakanywa chai. Kisha mwanangu akafunga mlango wa sebule, nikajua kuna kikao. Akaketi chini ya stashahada yangu, yeye mwenye digrii mbili nilizozilipia.

"Mama, tumeongea njiani," akaanza. "Tunaomba utoke kwenye hilo grupu."

"Grupu langu?"

"Mama, hizi simu zinawasononesha wazee. Kila siku taarifa za misiba, nani kalazwa, nani kakatwa mguu. Presha inapanda. Nimekununulia simu ndogo ya kubonyeza. Utapiga, utapokea, basi."

"Na wewe yako kubwa utaitupa lini? Maana tangu uingie hujaniangalia machoni."

Dada yake akacheka, akajifanya anakohoa.

"Mama, sisi tunakujali," akasema mwanangu. "Leo nimeendesha gari nikilia. Ningeweza kuua watu."

Hilo lilinigusa, sitasema uongo. Lakini kuguswa si kukubali. Nikainuka, nikaleta mashine yangu ya kupimia presha, nikajifunga mkanda mkononi mbele yao. Ikanguruma, ikapumua, ikatoa majibu. Nikawageuzia kioo.

"Imepanda," akasema binti yangu kwa hofu.

"Imepanda. Asubuhi ilikuwa imetulia. Imepandishwa na kikao chenu."

Nilidhani nimeshinda. Ndipo binti akasema, kama mtu anayetuliza, "Basi Mama, yule mzee hatakusumbua tena. Nilimpigia tukiwa njiani, namba nilipewa na yule mama wa Dodoma. Nimempa vidonge vyake."

"Umempa vidonge gani?"

"Nimemwambia hana haya. Mtu mzima, mlemavu, badala ya kumwomba Mungu anazika watu walio hai. Nikamwambia akome kabisa kumtaja mama yangu."

Nikachukua simu dirishani. Grupu nilikuwa sijalifungua tena tangu wanangu wafike. Chini ya pole zote na mishumaa yote, na chini ya sauti yangu niliyokuwa nimeituma haraka kusema nipo hai, kulikuwa na mstari mmoja mdogo wa kijivu. Mtani wangu ametoka.

Nikampigia. Iliita mpaka ikakata. Nikamtumia sauti: "We Mnyamwezi, rudi, mzigo wako umeusahau." Ikaonyesha tiki moja. Asubuhi ilikuwa bado moja.

Nataka nieleweke hapa, maana wanangu hawakuelewa. Nimefanya kazi wodi ya wazee miaka mingi, na najua jinsi mtu anavyoondoka. Ugonjwa ulioandikwa kwenye faili huja nyuma. Kwanza anaacha kujibizana. Ukimwambia leo umenuna, hakwambii wewe ndiye umenuna, anasema "asante sista". Muuguzi mgeni hufurahi, husema mgonjwa huyu mpole. Mimi nikimsikia mzee mkorofi amekuwa mpole naita daktari. Huyu mtani wangu hakuwa na kitu kingine. Hakuwa na msikiti wa kwenda kwa mguu mmoja, hakuwa na mjukuu mlangoni. Alikuwa na ulimi wake na sisi wa kuutumia, na binti yangu alikuwa ameufunga kwa simu ya dakika chache.

Mwanangu aliondoka alfajiri kwenda kazini Dar, akaacha simu ya kubonyeza mezani ndani ya boksi lake. Binti nilimzuia.

"Chukua ufunguo wa gari langu. Tunaenda Mlali."

"Mama, nimpigie nimwombe radhi, yaishe."

"Simu umeshaitumia. Leo utatumia miguu."

Njiani alinuna. Tulipokaribia mashamba ya nyanya akasema, "Lakini Mama, huo utani ni wenu. Mimi baba yangu si Mluguru. Nimekulia Gaborone. Ningejuaje?"

"Kwetu mtoto ni wa lukolo la mama yake," nikamwambia. "Ukoo wako ni wangu. Baba yako alichangia urefu tu. Kwa hiyo yule ni mtani wako wa kuzaliwa, utake usitake, na mtu hamkasirikii mtani. Wewe umemkasirikia. Umenitia aibu mbele ya Wanyamwezi, jambo ambalo halijawahi kutokea."

Tulimkuta uani, kwenye kiti cha plastiki, mguu wa suruali umekunjwa na kufungwa pini, magongo yameegemea ukuta. Alikuwa hajanyoa. Simu yake ilikuwa juu ya ndoo, imezimwa.

"Shikamoo," binti yangu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Karibu sana, mama." Huyo mama ni mimi. Akavuta gongo akajaribu kuinuka anipishe kiti. "Keti hapa, mama. Samahani, nyumba ya mzee mmoja, hakuna hata chai."

Nikasimama nikamtazama. "We Mnyamwezi, unanipisha kiti? Hicho kiti umekiiba wapi mpaka unakigawa?"

"Ni cha mwanangu, mama. Alinunua Mwanza."

"Nimekufa, nikakaa kaburini siku nzima nakusubiri uje kudai jogoo, hukuja. Ulikuwa unaogopa mlima?"

"Nashukuru Mungu mpo salama, mama," akasema, macho yake yakiwa chini. "Mniwie radhi kwa yaliyotokea. Ule ni utoto wangu. Umri umekwenda."

Nikamgeukia binti yangu. Nadhani ndipo alipoona. Mtu aliyekuwa akitukana mji mzima kila asubuhi alikuwa ameketi pale kama mgonjwa wangu wa wodini, anashukuru. Binti akapiga magoti vumbini, na suruali yake ya bei.

"Babu, nisamehe. Sikujua."

"Inuka mwanangu. Ulisema kweli. Mlemavu amwombe Mungu."

Lile neno la mlemavu lilikuwa limemkaa. Radhi ya kawaida isingelitoa, kwa sababu radhi ya kawaida ni heshima, na heshima ndiyo iliyokuwa inamuua. Nikasema, "Mnyamwezi, mtoto wetu kakukasirikia. Mila unaijua. Mtoze faini."

"Hapana, mama. Huyo ni mtoto wa kisasa. Utani si wake."

"Si wake? Waluguru tumeanza lini kuhesabu ukoo kwa baba? Huyu ni wetu, na kama ni wetu ni wako. Mtoze."

Akatikisa kichwa. Nilikuwa na hasira ya kutaka kumpiga kwa gongo lake. Ndipo binti yangu, akiwa bado magotini, akafuta machozi kwa kiganja, akasema:

"Lakini Babu, mguu wako mmoja umeshatangulia kaburini tangu zamani. Sasa ulikuwa unamzika mama yangu wa nini, au ulitaka ukautembelee?"

Hata mimi na ulimi wangu huu, mguu ule nilikuwa sijawahi kuugusa. Kuku waliokuwa wakiparura uani niliwasikia kila mmoja. Mzee alimtazama binti yangu. Kisha mabega yake yakaanza kucheza, kicheko kikamtoka kama mtambo wa zamani unaowashwa baada ya likizo, kwa kukwama kwanza, halafu kwa kelele.

"Huyu!" akasema, akinyoosha gongo. "Huyu ni wa kwenu kabisa! Hana adabu hata chembe! We mtoto, mguu wangu uko kaburini unawasubiri Waluguru wateremke, uwapige teke!"

"Utawapigaje teke, Babu, wakati mwenzake uko huku?"

"Nyamaza! Faini. Nataka jogoo. Na si hao wenu wa Kihonda wanaolala na taa. Jogoo wa kienyeji, mwenye kelele kuliko mama yako."

"Huyo hapatikani," binti akasema.

"Basi mlete mama yako mwenyewe, nimfunge kamba kwenye mgomba. Si wamezoea?"

Nikavuta kile kiti cha plastiki cha Mwanza, alichokuwa amenipa, nikakaa. Sikumpa pole, sikumpa asante. Nilimwambia anuke vizuri au anyoe, achague. Nikaiwasha simu yake, nikafungua grupu langu, na kwa mamlaka niliyonayo kama mwanzilishi nikamrudisha. Kibali cha mwanangu wa Dar es Salaam sikukiomba.

Mwanangu mpaka leo haafiki. Hupiga simu kila asubuhi kuthibitisha kwamba mimi ni mimi, na simu ya kubonyeza iko kabatini haijafunguliwa. Ananiambia wataalamu wanasema hiki na kile kuhusu wazee na mitandao. Namwambia mtaalamu anaongea naye, na stashahada yake iko ukutani, aje asome.

Lakini siku ile pale Mlali, mzee aliishika simu yake karibu na mdomo kama anataka kuila, akabonyeza, akaanza kuwahutubia wazee wa Kota wote, Dodoma hadi Tabora. Aliwaambia kwamba Waluguru wameshindwa kulea, wamemletea mtoto wao kwa magoti amfundishe mila. Aliwaambia kwamba maiti imekuja kwa gari, imekaa kwenye kiti chake na haitaki kuondoka. Binti yangu alikuwa ameinama amejishika tumbo kwa kucheka. Mimi nikatoa simu yangu kwenye pochi. Alikuwa bado anaendelea, hatua mbili kutoka nilipokaa, na nikabonyeza na mimi, nikaanza kumjibu juu ya sauti yake.